Chura Aliyekuwa Aitwe Paskali

Wandugu, nimeumbuka. Nimeumbuka kuanzia nyayo kwenda juu, na kwa nini nasema nyayo mtaona mbele.

Nawaandikia haraka kwa sababu utingo wa lori la vitunguu vya Mang'ola alikuwemo ukumbini, na lori linaondoka Karatu alfajiri. Kesho mchana soko lote la Arusha litakuwa linashika mbavu. Barua hii nayo inasafiri kwa lori hilohilo (hakuna lingine), kwa hiyo ombi la kwanza: isomeni kabla hamjamwona utingo. Bora mcheke kwa maneno yangu mwenyewe.

Mnajua mimi na masikio yangu. Tulipokuwa tunajifunza ufundi wa redio hapo Arusha, nani alikuwa anaitambua spika iliyochanika kabla kifuniko hakijafunguliwa? Mimi. Basi Dokta Rehema alipoingia dukani kwangu na kinasa sauti kilichomeza mkanda, niliona Mungu amemfikisha panapostahili.

Dokta ni mtafiti wa vyura kutoka Dar es Salaam. (Ndiyo, vyura. Kuna watu hiyo ndiyo kazi yao.) Ni mwanamke wa makamo, mtu wa Pwani, anavaa suruali na kanga juu yake, na Kiswahili chake ukikijibu unajiona umeingia msikitini na viatu.

"Fundi," akaniambia, "nataka mtu wa kunishikia mashine hii huko milimani. Mtu mwenye masikio na subira."

"Masikio yapo," nikamjibu.

Habari ya subira sikuigusa.

Akanieleza kwamba kwenye misitu na vinamasi vya Ngorongoro, kule juu kwenye ukungu, huenda kuna vyura ambao hakuna mtaalamu aliyewahi kuwaeleza. Chura wa baridi hashuki kuvuka nyika kavu kwenda kuwasalimia ndugu wa mlima wa pili. Anakaa kwake, wanawe wanakaa hapohapo, vizazi kwa vizazi, mwishowe wanakuwa kabila lao peke yao.

"Akipatikana mpya, jina anampa nani?" nikauliza.

"Anayemweleza kwanza. Jina la Kilatini. Pengine la mahali, pengine la mtu aliyesaidia kazi."

"La mtu?"

"La mtu. Wanaongeza herufi kidogo mwishoni, basi."

"Kwa mfano, Paskali?"

Akacheka. "Paskalii. Kwa mfano tu, Fundi."

Hilo "kwa mfano tu" mimi sikulisikia. (Masikio yangu nayo yana mipaka.)

Sasa lazima niwape habari ya mama mkwe, maana bila yeye hamtaelewa kwa nini nilipagawa na jina la chura. Tangu nimwoe Anjela, mama yake hajawahi kuniita mkwe. Mume wa dada yake Anjela ana trekta, huyo ndiye "mkwe wangu". Mimi ni "yule wa redio". Nyumba yake iko njiani nikitoka dukani, kwa hiyo karibu kila jioni napita kusalimia, na Anjela mara nyingi yuko hukohuko anamsaidia. Nikiingia uani nasikia: "Anjela, yule wa redio amefika." Nimemtengenezea redio yake nisichukue hata asante. Akasema ilikuwa inaelekea kupona yenyewe. Pale nyumbani aliyenipenda ni mbwa tu, anaitwa Bosi, naye nilimnunua kwa mifupa ya buchani.

Jioni ile nikaenda na habari yangu. Mama alikuwa anapepeta mahindi.

"Mama," nikasema, "kuna chura huko Ngorongoro atapewa jina langu. Kwa Kilatini."

Ungo ukasimama.

"Kilatini kile cha misa ya zamani?"

"Hichohicho, Mama."

"Jina la huyu wa redio," akamwambia Anjela, "kwa Kilatini." Akafikiri. "Hata Katekista hana."

Jumapili akina mama wote wa jumuiya walikuwa wanajua. Mkwe bado hakuniita, lakini siku hiyo niliwekewa kiti chenye mgongo. Mimi nikajisemea: chura huyu asipokuwepo, nitamzaa.

Tukaondoka na Landrova ya kuazima, tukapita lango la hifadhi, tukapanda hadi Nainokanoka. Huko tulipokewa na Mzee Parmeres, mfugaji, ambaye ana boma karibu na msitu. Alituonyesha kinamasi ambacho ng'ombe wake wanakikwepa kwa matope. Baridi ya pale, wandugu! Ukungu umelala chini saa sita mchana, mtu unaona mkono wako na si kidole.

Miguuni nilivaa katambuga. Mnajua viatu vya dukani mwaka huu ni hadithi za kusimuliana, kwa hiyo mimi nina zangu za tairi la Landrova, imara kabisa. Lakini tairi tupu linaumiza kisigino. Mimi fundi bwana, nikakata tyubu ya baiskeli, nikaitandika kwa ndani na kuibandika na solusheni pembeni tu. Laini! Karatu nzima hakuna mwenye katambuga za namna hiyo ila mimi. Nilikuwa nikiwaonyesha watu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Dokta anazama upande wa pili kwenye majani marefu, anatafuta kwa mikono. Mimi nasimama tope hadi vifundoni, nimeshika kipaza sauti kwenye fimbo, visikilizio masikioni. Nikisikia wito wa chura nisioujua, nainua mkono, na Dokta anakuja taratibu.

Mwanzoni walilia wale wa kawaida, kama mtu anagonga kikombe kwa kijiko. Halafu, karibu sana:

Kwii.

Kimya.

Kwii-kwii.

Nyembamba, kavu, na mkwaruzo mtamu mwishoni. Nikainua mkono na kusimama kama mlingoti. Dokta akaja ananyata. Kimya. Tukangoja. Kimya. Akarudi kwenye majani yake. Mimi baridi ikanizidi, nikahamisha uzito mguu huu, nikahamisha mguu ule.

Kwii-kwii!

"Dokta! Amerudi!"

Akaja. Mimi nikaganda. Kimya.

"Mbona kila nikija mimi ananyamaza?" akanong'ona.

"Anakuogopa, Dokta. Mimi ameshanizoea."

(Nilisema hivyo. Kwa mdomo huuhuu ninaolia ugali.)

Tukarudisha mkanda nyuma, akavaa visikilizio. Nilimwona macho yakimtoka polepole. "Fundi," akasema, "sauti hii siijui. Wa huku wote nawajua kwa wito. Huyu simjui!" Akainama, na pale penye miguu yangu akamnasa chura mdogo wa kahawia, kama kidole gumba, ana mstari mgongoni.

Kwa sura, akasema, anafanana na mmoja anayejulikana siku nyingi. Lakini vyura wawili wanaweza kufanana kama mapacha na wasiwe kabila moja. Kinachowatenga ni wito. Jike haendi kwa dume mwenye wito wa kabila lingine, hata dume huyo awe mzuri vipi. Kwa hiyo ushahidi mkubwa ulikuwa ule mkanda wangu. Akampima paja kwa rula, akamhesabu vidole, akatazama ngozi iliyo kati ya vidole, na kila mara anatikisa kichwa na kusema, "Lakini ile sauti!"

Akamtia chura kwenye chupa, tukamsikilizisha Mzee Parmeres ule mkanda. Alisikiliza ameegemea fimbo yake.

"Hii chura hakuna hapa," akasema.

"Hujawahi kuisikia hata mara moja, Mzee?"

"Hata. Imekuja na nyinyi."

Dokta akasema basi ni adimu kweli, hata wenyeji hawamjui. Mimi nikaitikia kwa kichwa, taratibu, kama msimamizi wa ubatizo.

Njiani kurudi Dokta akaniambia kazi ndiyo kwanza imeanza. Unamweleza mwili mzima, unamlinganisha na wote wanaojulikana, halafu unawatangazia wataalamu wa dunia, ili mwenye kumjua kwa jina lingine apinge.

"Ni kama matangazo ya ndoa kanisani," nikasema. "Padri anatangaza Jumapili tatu. Mwenye pingamizi ajitokeze."

"Hiyo nzuri, Fundi! Nitaitumia."

(Kamba ya kunitundikia niliisokota mwenyewe, nikamkabidhi mkononi.)

Sasa tufike leo. Dokta alikuwa anataka, kabla hajaenda Dar, kuzungumza na wananchi juu ya kutunza vinamasi na chemchemi. Ndugu Katibu Kata akatoa ukumbi wa shule. Mimi nikasema na watu wasikie sauti ya chura wetu. Betri nilizianika juu ya bati jana kutwa ili zipate nguvu. Leo mvua imenyesha tangu asubuhi, na bado ukumbi ulijaa, maana Mama alikuwa amealika kama watu wanaoalika kipaimara. Akina mama wa jumuiya benchi la mbele, yeye katikati, kitenge cha Pasaka. Bosi kalala miguuni pake.

Na mimi? Mimi nilikuwa nje kwenye mvua. Kwa hiari! Nilimwomba Dokta aiwashe mashine mwenyewe, mimi nikae mlangoni hadi nitajwe, ndipo niingie kwa heshima kama bwana harusi. Kwa hiyo nimesimama kwenye dimbwi, shati jeupe, nachungulia dirishani, na katambuga zinakunywa maji.

Dokta akazungumza vizuri sana. Akasema juu ya milima, juu ya kabila za vyura, juu ya wito. "Na sasa, ndugu wananchi, msikilizeni mwenyeji wenu ambaye hamjawahi kukutana naye." Akabonyeza.

Kwii.

Kwii-kwii.

Mtu mmoja akasema, "Yesu wangu, mzuri!" Nikanyoosha kola ya shati.

Bosi akainua kichwa. Akasimama. Mkia ukaanza kwenda huku na huku. Akatembea hadi kwenye meza, akainusa mashine, akakaa chini mbele yake anameza mate. Watu wakacheka kwa upole. "Hata mbwa kampenda," akasema Katibu Kata.

Mimi sikucheka. Niliacha dirisha, nikachungulia kwenye mwanya wa mlango.

Kwii-kwii, mashine ikaendelea. Mama akageuza shingo, akatazama mlangoni. Akarudisha shingo. Kwii. Akageuka tena. Kisha akasogea pembeni kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu kukaa.

Dokta akazima. "Kama mjuavyo matangazo ya ndoa," akasema kwa furaha, "na sisi kwenye sayansi tunatangaza. Ikiwa yuko hapa anayemjua chura huyu kwa jina lingine, aseme sasa."

Mama akasimama.

"Mimi namjua."

"Mama, tafadhali," Katibu Kata akasema, "hayo ni maneno ya mfano tu."

"Mfano gani? Ameuliza, namjibu. Huyo si chura." Akanyoosha kidole mlangoni. "Huyo ni mkwe wangu anakuja!"

Wandugu. Miaka yote nimelisubiri neno lile.

"Kila jioni namsikia akipita kwenye migomba," akaendelea, anawaelezea akina mama wenzake kama vile wengine hatupo. "Kwii-kwii, kwii-kwii. Mvua ikinyesha ndiyo kabisa. Nikisikia hivyo namwambia Anjela, ongeza unga. Mwulizeni Bosi!"

Dokta wa watu hakuwa ameelewa. Alifikiri mama wa shamba anatania. Akatabasamu na kusema, "Basi ngojeni tumwite mwenyewe aliyemnasa. Fundi Paskali, karibu mbele!"

Ningeweza kukimbia. Nilishageuza mguu mmoja. Lakini Bosi alikuwa ameniona kwenye mwanya wa mlango, akabweka kwa furaha, na vichwa vyote vikageuka kwa pamoja. Nikaingia.

Sakafu ya saruji, laini, imelowa.

Kwii.

Nikasimama. Watu wote wakasimamisha pumzi. Nikainua mguu wa pili kwa uangalifu wa mwizi, nikautua.

Kwii-kwii.

Nikajaribu kwa ncha za vidole. Ikatoka ndefu zaidi: kwiiiii. Hapo akili ikaniambia (ni akili ileile iliyobandika tyubu) kwamba hatua zikiwa chache na kelele itakuwa chache. Nikaanza kuruka. Hatua kubwa kubwa, magoti yamekunjwa, mikono mbele nisiteleze.

Utingo wa vitunguu akapiga kelele kutoka nyuma: "Huyooo! Na anaruka!"

Ukumbi ukapasuka. Nilifika mezani kwa sababu tu hapakuwa na mahali pengine pa kufika. Dokta akatazama miguu yangu. Akatazama mashine. Akarudi kwenye miguu.

"Fundi, vua kimoja."

Nikavua. Akakishika kiatu kwa mikono miwili, maji yanamchuruzika hadi kwenye viwiko, akakikunja. Kwii. Akakikunja tena. Kwii-kwii. Tyubu inasugua tairi, na mkwaruzo mtamu mwishoni. Katibu Kata akajifunika uso kwa kofia, mabega yanamtikisika.

Lakini Dokta ni mpiganaji. "Ngojeni!" akasema. "Hebu tulieni. Hata kama ya kwanza ni kiatu, nyuma yake kuna sauti ya pili. Niliisikia. Ndogo, ya haraka, tik-tik-tik-tik. Hiyo siyo kiatu." Akaongeza sauti hadi mwisho. Watu wakatulia, hata utingo.

Tik-tik-tik-tik-tik.

Niliomba Mungu betri zife. Betri nilizozianika mwenyewe, nikizigeuza kama samaki! Hazijawahi kuwa na nguvu kama leo.

Nikainua mkono kama mwanafunzi.

"Dokta," nikasema, "hayo ni meno yangu. Kulikuwa na baridi."

Nawaambieni kweli, kuna mzee alitolewa nje kwa kucheka. Dokta mwenyewe alikaa chini, akajipangusa machozi kwa kanga. Aliposhika tena pumzi akaniambia, "Fundi, ulikuwa umebakiza kidogo. Paskalii nilikuwa nimeshaiandika."

Hapo ndipo palipouma, sitawaficha. Kumbe haikuwa kwa mfano tu.

"Na yule mdogo wa kwenye chupa?" nikauliza.

"Yule ni yule tunayemjua. Ana jina lake la zamani. La Mjerumani mmoja."

(Mjerumani ambaye, nahisi, alitembea peku.)

Nikatoka na katambuga mkononi, moja nimevaa moja nimebeba, nachechemea kwenye mvua. Nikasikia mtu ananiita.

"Mkwe!"

Nikageuka nyuma kuangalia kama yule wa trekta amesimama mgongoni kwangu. Hakuwepo.

"Wewe," Mama akasema. Alikuwa peke yake na mwavuli, akina mama wa jumuiya amewaacha huko wakicheka. Nilitegemea anipige nao. "Vaa kiatu chako twende. Unga umeshaongezwa."

"Mama, nimekuaibisha mbele ya watu."

"Umeniaibisha sana," akakubali. Tukatembea kidogo, Bosi mbele. "Kilatini waachie wenyewe. Lakini hiyo tyubu usiitoe."

"Kwa nini, Mama?"

"Sasa nitajuaje kama unakuja?"

Tukaenda hivyo hadi kwake, kwii-kwii kwenye migomba, na Anjela akafungua mlango kabla hatujabisha hodi.

Kesho Dokta anarudi Nainokanoka kuanza upya, na ameniambia niende naye, ila miguu peku na kitambaa mdomoni. Nitaenda. Mzee Parmeres naye itabidi nimweleze mwenyewe kwamba alichosema ndicho: chura alikuja na sisi.

Mimi nilitafuta jina moja tu, nimetoka na mawili kwa siku moja. Barabarani, kuanzia buchani hadi stendi, watoto kwa wazee wananiita Chura. Kwa mama mkwe naitwa Mkwe. Utingo akifika, chekeni hilo la kwanza mpaka mchoke. Hilo la pili msiliguse, tafadhali, bado ni bichi.

Wenu,
Paskali (bila herufi ya nyongeza)